Ridhaa, Idhini au Makubaliano? Kiswahili katika Uanagenzi wa Utafiti wa Afya Eldoret

Utangulizi

Kwa miaka mingi sasa, baina ya Juni na Agosti, wanafunzi wa vyuo vikuu vya ng'ambo wamekuwa wakifika Eldoret kwa uanagenzi wa utafiti wa afya. Vyuo vya Marekani huuita uanagenzi huo kwa jina la msimu wao wa joto, na mfasiri mwepesi angeuita "uanagenzi wa kiangazi" bila kusita. Hata hivyo, katika nyanda za Uasin Gishu, zilizo takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, miezi hiyo ni ya mvua na baridi. Mahindi na ngano huwa shambani bado na njia za vijijini zimejaa matope. Kiangazi cha mwenyeji huanza Desemba kikaendelea hadi Machi. Neno limefasiriwa sawasawa kwa mujibu wa kamusi, lakini mwanafunzi aliyeliamini hufika bila koti.

Kosa la jina la msimu halimdhuru mtu. Makala haya yanachunguza kosa la aina hiyo hiyo linapotokea mahali penye uzito zaidi, yaani katika fomu ya ridhaa na katika hojaji ambazo mwanagenzi hubeba hadi wodini au hadi kwenye lango la boma. Hoja inayotetewa ni kwamba tafsiri iliyo sahihi kikamusi yaweza kuwa batili masikioni mwa mgonjwa, na kwamba batili hiyo humwondolea mgonjwa uhuru wa kukataa. Sentensi za mfano zinazojadiliwa zimebuniwa kwa ajili ya ufafanuzi. Hazikunukuliwa katika fomu ya mradi wowote.

Usuli

Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi ilianza mwaka wa 1917 ikiwa hospitali ndogo ya vitanda 60. Chuo Kikuu cha Moi kiliasisiwa mwaka wa 1984, na wanafunzi wa kwanza wa udaktari wakapokewa mwaka wa 1990, mkuu mwasisi wa kitivo chao akiwa Profesa Haroun Mengech. Ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ulizaliwa katika kipindi hicho hicho. Mwaka wa 2001, wakati wodi zilipokuwa zimeelemewa na wagonjwa wa ukimwi, pande hizo mbili zilianzisha mpango wa AMPATH, ambao miongoni mwa kliniki zake za mwanzo ilikuwa ile ya kituo cha afya cha Mosoriot. Baadaye mpango ulipanuka ukahusisha kisukari, shinikizo la damu, saratani na maradhi mengineyo, na herufi za jina lake zikapewa maana mpya inayohusu upatikanaji wa huduma za afya kwa jumla. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzia Mosoriot ni miongoni mwa misingi ya OpenMRS, programu iliyoanza kujengwa mwaka wa 2004 na ambayo imetumiwa katika nchi nyingi duniani.

Wanagenzi wa utafiti katika mazingira haya ni wa namna mbili. Wapo wageni, kama vile wanafunzi wa udaktari wa Indiana wanaoletwa na ufadhili wa Slemenda baada ya mwaka wao wa kwanza wa masomo. Wapo pia wenyeji: wanafunzi wa sayansi za afya wa Moi ambao, chini ya utaratibu unaojulikana kama COBES, hupelekwa katika vituo vya afya vya mashambani kujifunza, kuhudumu na kukusanya data. Si haki kudhani kwamba tatizo la lugha ni la wageni peke yao. Mwanafunzi aliyesomea Nairobi, akafundishwa anatomia na famakolojia kwa Kiingereza, naye hutatizika anapotakiwa kumweleza mkulima wa Turbo maana ya sampuli.

Sheria inamtetea mkulima huyo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Afya ya 2017, katika sehemu ya 8, inamtaka mhudumu, pale inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo katika lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Kabla ya hapo, Azimio la Helsinki la 1964 lilikuwa limeufunga mkono utabibu wote wa dunia kuhusu ridhaa ya mshiriki wa utafiti. Kinachobaki ni swali la kiisimu: ridhaa hiyo huombwa kwa maneno gani?

Ridhaa na jamaa zake

Fomu hiyo moja yaweza kupewa majina matatu: "Fomu ya Idhini", "Fomu ya Makubaliano" na "Fomu ya Ridhaa". Wafasiri wengi huyachukua majina haya kama visawe. Sivyo.

Idhini hushuka kutoka juu. Serikali hutoa idhini, mwalimu mkuu hutoa idhini, kamati ya maadili ya utafiti hutoa idhini. Mgonjwa aliyelala kitandani hajioni kama mtu wa kutoa idhini. Yeye ndiye amezoea kuomba. Akisoma "Fomu ya Idhini" aweza kuelewa kwamba hospitali imekwisha kuidhinisha jambo na kilichobaki kwake ni kutia sahihi. Makubaliano nayo yanafunga pande mbili. Katika Uasin Gishu, ambako watu wengi wamewahi kutia kidole gumba kwenye hati za kukodi au kununua shamba, makubaliano yana mashahidi, na anayeyavunja hupelekwa kwa chifu. Mtu aliyeingia "makubaliano" na daktari hataona njia ya kutoka siku ya tatu akisema amebadili nia.

Ridhaa hutoka ndani ya mtu na yaweza kurudi ndani. Ndilo neno linalofaa, ijapokuwa kasoro yake ni kwamba halizoeleki sana katika mazungumzo ya Eldoret. Dawa ya kasoro hiyo ni kuliweka katika kichwa cha fomu na kulieleza mara moja kwa kitenzi ambacho kila mtu anacho: "Tunakuuliza kama unataka au hutaki kushiriki." Maneno "au hutaki" ndiyo yenye kazi. Fomu nyingi husema "kwa hiari yako" zikaridhika, ilhali kusema "ni hiari" bila kutaja kukataa ni kama kumfungulia mtu mlango na kusimama katikati yake.

Neno utafiti lenyewe halina budi kuchunguzwa. Mgonjwa husikia "uchunguzi" na kudhani anapimwa ugonjwa wake. Husikia "jaribio" na kudhani anajaribiwa yeye. Kliniki na utafiti vikiwa chini ya paa moja, na kila aliyevaa koti jeupe akiitwa daktari, hata kama ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, mpaka baina ya tiba na utafiti hufutika. Molyneux na wenzake (2004), walipochunguza suala hili huko Kilifi, walikuta kwamba wazazi wengi walioruhusu watoto wao washirikishwe hawakuwa wametofautisha barabara utafiti na matibabu. Yafaa sentensi ya kwanza ya mwanagenzi iwe ya kukana: "Mimi si daktari. Mimi ni mwanafunzi, na maswali haya hayatabadilisha dawa zako."

Bahati nasibu na damu

Katika utafiti unaolinganisha dawa mbili, washiriki hugawanywa bila kuchaguliwa na mtu. Istilahi ya kitaalamu ni kuteua kwa nasibu, na kutoka hapo fomu huteleza hadi "bahati nasibu". Kwa msemaji wa Kenya, bahati nasibu ni mchezo wa kamari wenye mshindi na tikiti. Anayeambiwa kwamba kundi lake "litachaguliwa kwa bahati nasibu" ana haki ya kuuliza zawadi ni nini, na akiwekwa katika kundi linalopewa tiba ya kawaida ajione ameshindwa. Ni bora kueleza tendo lenyewe: sarafu inarushwa, na si daktari wala mgonjwa anayeamua itakavyoanguka. Vivyo hivyo "dawa bandia", inayotumiwa kwa kidonge kisicho na kiini cha dawa. Bandia ni neno la mahakamani na la vichwa vya magazeti. Huibua picha ya mfanyabiashara mwovu na duka lililofungwa na polisi. "Kidonge kisicho na dawa ndani yake" ni kirefu zaidi, lakini hakidanganyi.

Kuhusu damu, mfasiri hapaswi kusahau historia. Hadithi za mumiani, wanyonya damu waliohusishwa na hospitali, zimamoto na serikali ya kikoloni, zilienea Afrika Mashariki nzima, na Luise White alizitafiti katika kitabu chake cha mwaka wa 2000. Geissler (2005) ameonyesha jinsi uvumi wa kachinja ulivyoizunguka kazi ya watafiti wa afya katika kijiji kimoja cha magharibi mwa Kenya. Si sahihi kuzicheka hadithi hizi. Zinauliza swali la haki kabisa: damu inakwenda wapi, na nani ananufaika nayo? Fomu isemayo "tutachukua kiasi kidogo cha damu" haijajibu. Fomu isemayo "mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, itapimwa katika maabara ya hospitali hii, itakayobaki itamwagwa" imejibu, mradi yaliyosemwa ni kweli.

Hojaji na sikio la mhojiwa

Baada ya ridhaa huja maswali, na hapa ndipo mwanagenzi hukaa kwa majuma mengi zaidi. Tuchukue swali linaloonekana jepesi: "Je, kuna mtu katika jamii yako aliye na kisukari?" Katika matumizi ya Kenya, jamii yaweza kuwa watu wa mtaa au kijiji, yaweza kuwa familia, na katika lugha ya wanasiasa na vyombo vya habari huwa neno la adabu la kutajia kabila. Wahojiwa watatu watajibu maswali matatu tofauti, na kompyuta itayajumlisha kana kwamba ni moja. Maana ya tatu ina hatari yake. Eldoret na viunga vyake viliumia vibaya katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mtu aliyehamishwa kwake Januari 2008 hasikii swali kuhusu jamii yake kama linavyosikika darasani. Kama utafiti hauhitaji kabisa kujua asili ya mtu, swali hilo liondolewe.

Yatima ni mfano mwingine. Shirika la UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Katika fikihi ya Kiislamu, yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Katika mazungumzo ya kawaida, yatima ni mtoto asiye na mtu. Nyanya anayemlea mjukuu wake, kogo kama anavyoitwa na Wakalenjin, akiulizwa "Je, mtoto huyu ni yatima?" anaweza kujibu la kwa hasira, kwa kuwa swali linamfuta yeye. Mwanagenzi ataandika "la" na takwimu itapotoka. Kuuliza "Mama yake yuko hai? Baba yake yuko hai?" kunachukua sekunde chache zaidi na kunamwachia nyanya heshima yake.

Vipimo vya marudio vina mtego wa pekee. Hojaji nyingi hupanga majibu kutoka "kamwe" hadi "kila mara", na katikati zikaweka "mara chache", "wakati mwingine", "mara kwa mara" na "mara nyingi". Waulizwe wanafunzi kumi wa Kiswahili wapange "mara kwa mara" na "mara nyingi" kwa ngazi. Ubishi utakaozuka watosha kuonyesha kwamba ngazi hiyo haipo. Afadhali kuhesabu siku. Hojaji ya sonona iitwayo PHQ-9, ambayo uhalali wake ulipimwa miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi magharibi mwa Kenya na matokeo kuchapishwa na Monahan na wenzake mwaka wa 2009, huuliza kuhusu siku za majuma mawili yaliyopita, na kwa hivyo huuepuka mtego huo. Haiepuki mwingine: sonona ni neno la vitabuni, ilhali mgonjwa wa Eldoret atasema ana mawazo mengi au roho yake imechoka.

Kuna pia saa. Mgeni aliyejifunza tarakimu kwa haraka huandika "saa nane" akikusudia saa mbili asubuhi. Kwa mgonjwa anayemeza dawa kila baada ya saa kumi na mbili, kosa hilo halibaki kwenye karatasi.

Je, basi, hojaji iandikwe kwa Kiswahili cha mtaani? Wako watakaopinga hata kuulizwa kwa swali hili katika jarida la chama cha Kiswahili. Msimamo unaoelekea kufaa ni kushika sarufi sanifu na kuchagua msamiati kwa sikio la mahali. "Shinikizo la damu" liandikwe, na "presha" liwe kando yake, kwani ndilo neno ambalo mgonjwa amekuwa akiambiwa kliniki. "Homa" liandamane na maelezo, kwa vile kwa mmoja ni joto la mwili na kwa mwingine ni mafua. Kiswahili hakipungukiwi kwa kufanya hivi, na historia yake katika vita dhidi ya ukimwi ni ushahidi. Neno UKIMWI, lililoundwa kutokana na "upungufu wa kinga mwilini", lilipokelewa na wasomi na wasiosoma. Bora zaidi ni "dawa za kupunguza makali". Yeyote aliyelitunga kwanza alifanya kazi ambayo vijitabu vingi vya afya havikuiweza: alitaja faida ya dawa bila kuahidi kupona.

Upungufu wa tafsiri rejeshi

Kamati za maadili aghalabu hudai tafsiri rejeshi: mfasiri wa kwanza hutoa maandishi Kiingereza akayatia Kiswahili, na wa pili, ambaye hakuona matini asilia, huyarejesha katika Kiingereza. Zikilingana, tafsiri hupita. Utaratibu huu una manufaa kwa kunasa maneno yaliyorukwa na sentensi zilizogeuzwa. Lakini wafasiri wote wawili kwa kawaida wamesoma shule za namna moja na kamusi zile zile. Wa pili akikutana na "bahati nasibu" katika fomu ya kitabibu hujua mara moja kilichokusudiwa na kukirejesha bila doa. Kilichopimwa ni elimu ya mfasiri. Sikio la mama wa Burnt Forest halikuwahi kuulizwa.

Kipimo kinachokosekana ni kumwomba msikilizaji asimulie. Baada ya kusomewa fomu, aulizwe: "Mama, ukifika nyumbani na mzee akuulize hospitali wamekuomba nini, utamwambiaje?" Jibu likiwa "wamesema watanitibu bure", fomu imeshindwa hata kama imepigwa mihuri yote. Watu wachache wakisimuliwa hivi kabla ya utafiti kuanza, maneno mabovu hujifichua yenyewe. Kazi hii yahitaji mtu anayejua kusikiliza tofauti ndogo za maana na kuziandika. Hiyo ndiyo stadi inayofundishwa katika madarasa ya semantiki na tafsiri huko Kesses, kilomita zipatazo 35 kutoka wodi ambazo zinaihitaji. Mwanagenzi wa afya akipangwa pamoja na mwanafunzi wa Kiswahili tangu juma la kwanza, wote wawili watatoka na somo ambalo hakuna kati yao angelipata peke yake.

Isisahaulike, hata hivyo, kwamba Kiswahili nacho ni lugha ya pili kwa wengi wa wahojiwa hawa. Kwa mzee wa Nandi au Keiyo, au mgonjwa aliyesafirishwa kutoka Turkana, fomu ya Kiswahili ni ya mgeni pia. Kinachotokea langoni ni kwamba msaidizi wa utafiti husoma Kiswahili kwa macho na kutamka lugha ya nyumbani kwa mdomo, akifasiri papo hapo. Tafsiri hiyo ya tatu ndiyo mgonjwa anayoisikia, na ndiyo pekee isiyoandikwa wala kukaguliwa. Iwapo Kiswahili kilichoko kwenye karatasi kimejaa nomino za Kiarabu zilizorundikana, msaidizi ataruka asichoweza kukigeuza; kikiwa na vitenzi vya kawaida, atakuwa na cha kushika.

Kujiondoa

Limebaki neno moja. Karibu kila fomu husema: "Unaweza kuacha wakati wowote." Kuacha nini? Anayemeza dawa za kupunguza makali, ambaye kila mwezi huonywa na mshauri wake asiache, husikia neno lile lile analokatazwa. Aweza kuelewa kwamba akitoka katika utafiti ametoka pia katika kliniki, na kwa hofu hiyo akaendelea kujibu maswali asiyoyataka, akihesabiwa kuwa mshiriki wa hiari. Sentensi inahitaji kugawanywa: "Ukitaka kutoka katika utafiti huu, niambie tu, leo au siku nyingine. Hutaulizwa sababu. Dawa zako utaendelea kupewa hapa hapa kama kawaida, na daktari wako hatakasirika." Aidha mahali pake ni mwanzoni mwa ukurasa wa kwanza, kabla ya jina la utafiti na kabla ya majina ya vyuo, ambapo hata anayesomewa kwa haraka kwenye foleni atalisikia.